Nimefunga gesi ya kuendeshea gari kwenye Toyota IST yangu, gereji moja hapa Dar: nyota mbili, na hakuna hata moja ya fundi

Naanza na povu kwa sababu ndo lilinifanya niandike. Gari lilishakabidhiwa, funguo mkononi, fundi kashanawa mikono anasubiri hela iliyobaki, ananiambia "bosi ushamaliza, nenda kajaze, furahia maisha". Nikamwambia ngoja kidogo. Nikavuka barabara nikanunua sabuni ya unga kile kipakti kidogo, nikaitia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nikatikisa, nikatoboa kizibo na msumari, nikafungua buti nikamwagia pale bomba linapoingia kwenye valvu ya mtungi. Sekunde tano hamna kitu. Fundi anatabasamu. Afu kakaanza kapovu kamoja, kanavimba polepole kama koo la chura, kakapasuka, kakaja kengine palepale, kakapasuka, kakaja cha tatu. Povu likivimba hivyo maana yake gesi inavuja. Nikamwangalia fundi, fundi akaangalia simu yake.

Gereji siitaji jina, msinisumbue inbox, mwenyewe tulimalizana vizuri mwishoni na nitawaambia ilikuwaje. Ila hii ripoti naiandika kwa ajili ya wenzangu wa IST, Passo, Ractis na wale wa bajaji ambao kila siku wananiuliza "mkuu umefunga wapi, bei gani". Bei gani ndo swali la kwanza, na mi nililiuliza hivyohivyo kwa hiyo siwacheki.

Mimi nabeba abiria wa kwenye simu, mwaka wa nne sasa. Mafuta yananila vibaya, ukitoka Mbezi mpaka Posta na ile foleni ya Ubungo unafika umeshachoma faida. Gesi wakati nafunga ilikuwa 1,550 kwa kilo, na kilo moja inaenda mbali kuliko lita moja ya petroli, kila dereva wa Dar anajua hiyo hesabu haihitaji kalamu. Kilichokuwa kinaniweka nyuma ni foleni za vituo, kuna kipindi watu walikuwa wanalala Ubungo na mashuka kama wanasubiri treni, sasa tangu TPDC, shirika la petroli la serikali, wafungue kile kituo kikubwa cha Sam Nujoma karibu na Chuo Kikuu angalau unapumua. Nikasema basi, sasa nafunga.

Gereji nilielekezwa na mshkaji wa kijiweni. Dada wa mapokezi mzuri sana, mstaarabu, kanikaribisha kwa chai, kanieleza kila kitu bila haraka, kaniandikia na risiti yenye namba ya mtungi, nisahau yote ila hiyo risiti ndo iliyokuja kuniokoa. Bei 1,850,000, nitangulize milioni moja, kazi siku moja, nyingine nikichukua gari. Nikalipa kwa lipa namba palepale. Siku moja ikawa tatu, lakini hilo nalisamehe, fundi wa Dar akikwambia kesho na ikawa kesho kweli inabidi uogope zaidi.

Sasa lazima niseme kwa nini mimi ni msumbufu kwenye mambo ya gesi, maana fundi aliniuliza "kwani we bosi ni injinia?" Sio. Mi kuanzia 2012 mpaka 2014 nilikuwa Mtwara, kibarua bandarini pale walipokuwa wanapakia vifaa vya kwenda kwenye meli za kuchoronga gesi kina kirefu. Enzi zile Mtwara ilikuwa moto, kwa maana zote mbili, 2013 mnakumbuka mji ulivyochafuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar. Kila baada ya miezi unasikia wamepata tena, na visima wanavipa majina ya samaki na viungo, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Papa, wenzao wa kitalu kingine Zafarani, Lavani, Tangawizi, Giligilani, ukiisoma ile ramani unasikia njaa kama upo Forodhani. Bei ya mafuta duniani ilivyoanguka 2014 kazi zikapungua, sisi vibarua ndo tukatangulia kutoka, nikarudi Dar nikashika usukani.

Kazi yangu ilikuwa kufunga minyororo kwenye mizigo na kufagia. Ila hata mfagiaji alikuwa anakalishwa kikao cha usalama kila asubuhi kabla hajagusa ufagio. Na kulikuwa na sheria moja ambayo mwanzoni niliona ni utani wa wazungu, kwamba mtu yeyote akiona kitu hakieleweki anasema simama, na kazi inasimama, yote, hata kama meli inalipiwa mamilioni kwa saa. Mpishi, mfagiaji, kibarua wa siku ya kwanza, hakuna wa kumuuliza "we nani". Tone la dizeli likidondoka sakafuni ukubwa wa sahani linaandikwa kwenye daftari, saa ngapi, nani, limefutwa na nini, na kile kitambaa kimetupwa wapi. Nilikuwa naona wanatuzingua.

Mkufunzi wetu mmoja mzee ndo alinibadilisha. Alikuwa hapendi picha za kwenye ukuta, anakaa kwenye kiti anahadithia. Alituhadithia kisima cha Kaixian, China, wilaya iliyo chini ya Chongqing, tarehe 23 Desemba 2003. Walikuwa wanatoa mabomba kisimani. Ndani ya lile bomba la kuchorongea kulikuwa kunatakiwa valvu ya kuzuia gesi isirudi juu, kitu unaweza kukibeba kwa mikono, wao walishaitoa. Na tope la kuchimbia, lile zito linalokandamiza gesi ibaki chini, hawakulijaza ipasavyo wakati wanavuta mabomba. Kisima kikatapika usiku, na gesi ya pale ilikuwa imechanganyika na ile yenye harufu ya mayai viza, inayoua. Wakakaa masaa mengi sana bila kuiwasha moto, maana ukiiwasha ile sumu inaungua, watu wa vijijini wamelala, wengine hawakuamka. Watu 243. Mzee akasema "valvu", akakaa kimya, akatutuma tukanywe chai. Mimi hiyo chai sikuinywa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "hicho kidude sio lazima bosi" mi mwili unasisimka, samahani.

Rudi gereji. Siku ya pili nimekaa kwenye benchi nasubiri, nje ya geti kuna mama lishe ana jiko la mkaa anachoma chapati, hatua kama kumi kutoka mafundi wanapofanyia kazi. Chapati nzuri, laini, anazikunja kama leso. Ndani kuna dogo mmoja kaleta mtungi wa bajaji unataka kubadilishwa valvu, na mtungi una gesi. Njia sahihi dereva aendeshe mpaka gesi iishe, au itolewe kwa utaratibu mbali na moto, kwenye bomba la kwenda juu. Dogo kafanya nini, kaulaza mtungi chini pale uani, kashika spana, kafungua. Tshiiiiii! Ile sauti ukiisikia mara moja huisahau, presha ya gesi ya magari ikijaa ni kama bar 200 hivi, karibu mara mia ya tairi lako la IST. Valvu ikaanza kuota barafu nyeupe palepale, jua la Dar la saa nane mchana, barafu. Watoto wa gereji wakaja kuigusa wanacheka.

Mi nimesimama nimeganda, nafungua mdomo na sauti haitoki, na nina aibu kusema hilo baada ya miaka miwili ya kufundishwa. Aliyepiga kelele ni mama lishe. "Nyie watoto mna akili kweli? Fungeni hicho kitu, moto huu hapa hamuuoni?" Hajasubiri jibu, kachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo kaimwaga yote kwenye jiko, moshi ukapanda, chapati mbili zilizokuwa kwenye kikaango zikaloa chapachapa. Hapo ndo dogo akafunga. Afu wakaanza kumcheka, eti mama muoga, gesi hii inapanda juu haina madhara. Mama akakung'uta khanga, akasema "nyie endeleeni, mi nina watoto wanaonisubiri nyumbani", akaanza kuokota mkaa wake uliolowa mmojammoja.

Hiyo ya "inapanda juu" niizungumzie maana kila fundi anaitaja kama vile ni hirizi. Ni kweli, gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, sio kama ile ya mtungi wa jikoni ambayo inatambaa chini kama nyoka inakaa kwenye kona. Nje kwenye upepo inaondoka haraka. Ila ikiwa ndani ya buti lililofungwa inapanda juu wapi? Inapanda kwenye dari ya gari, pale kilipo kichwa cha abiria. Ikifika asilimia 5 mpaka 15 ya hewa ya humo ndani inatosha cheche moja, ya kiberiti, ya swichi, yoyote. Na yenyewe kwa asili haina harufu, harufu ni dawa inayowekwa ili uishtukie, kwa hiyo usijipe moyo kwamba "ningesikia". Halafu hata hiyo inayopaa haipotei, methani, ambayo ndo sehemu kubwa ya gesi hii, kwa miaka 20 ya mwanzo inafunika joto zaidi ya mara 80 ukilinganisha na hewa ukaa kilo kwa kilo, na hiyo ni sababu moja huko visimani gesi wasiyoitaka wanaichoma badala ya kuiachia hivihivi. Pale uani waliiachia hewani ili wabadilishe kidude cha dakika kumi.

Na mambo ya mazingira mengine msiulize. Oili chafu inamwagwa kwenye mtaro nyuma, mtaro unaenda kwenye mto, mto unaenda Msimbazi, Msimbazi unarudi sebuleni kwetu mvua za Aprili zikija. Nilimuuliza kijana mmoja akasema "kila mtu anamwaga". Hapo sikuwa na jibu, kweli kila mtu anamwaga.

Haya, siku ya tatu, baada ya povu. Pale ndo nikaamua nakagua kila kitu na hela silipi. Nikawasha tochi ya simu nikaingia kichwa kwenye buti.

Kwanza mtungi. Mtungi wa gesi ya gari una maandishi yamegongwa kwenye chuma shingoni, namba yake, presha yake, umetengenezwa mwezi gani mwaka gani, na lini umepimwa. Huu wangu palipogongwa pamebandikwa stika kubwa ya gereji, simu na namba ya WhatsApp, kwa bahati mbaya eh. Nikaibandua kwa kucha taratibu. Umetengenezwa 2011. Umepimwa mara ya mwisho 2016. Hiyo mitungi inatakiwa itolewe ipimwe kwa maji na presha kila baada ya miaka, kuna kanuni zinasema mitatu kuna zinazosema mitano, hakuna inayosema ukae mpaka usahau. Na namba yake haifanani na ile dada wa mapokezi aliyoniandikia kwenye risiti. Yaani kuna mtungi niliouziwa na kuna mtungi niliofungiwa. Kimeo.

Pili, vishikizi. Mtungi wa lita 60 wa chuma una uzito wa mtu mwembamba, huo ndo mzigo unaokaa nyuma ya kichwa cha abiria wako ukifunga breki za ghafla Kimara. Unatakiwa ushikwe na mikanda miwili ya chuma yenye mpira ndani, bolti nne, na chini ya gari ziwekwe sahani za chuma ili bati lisichanike. Wangu ulikuwa na bolti tatu, ya nne ilikuwa ipo kwenye kibox cha spea haijafungwa, mpira wa ndani ni kipande cha tyubu ya pikipiki, na sahani nimeinama uvunguni sijaona hata moja.

Tatu, na hii ndo iliyoniuma. Valvu ya mtungi inatakiwa ivalishwe mfuko maalumu uliounganishwa na mpira mnene unaotoka nje chini ya gari, ili ikivuja, ivujie nje, isiingie kwa abiria. Mpira ulikuwepo, umekatwa na kisu. Umekatwa vizuri kabisa, kingo zimenyooka. Nikauliza kwa nini. Fundi akasema, nanukuu vile nilivyosikia, "ulikuwa unazuia tairi ya spea isikae, nikaona wateja wengi wanapenda spea ikae".

Mi nikacheka, sio kwa furaha. Maana nilikumbuka stori nyingine ambayo haikuwepo enzi za mkufunzi wetu, ya Aliso Canyon, Marekani, milimani juu ya Los Angeles. Pale sio kuchimba kipya, ni visima vya zamani vya mafuta walivyovigeuza ghala la gesi chini ya ardhi. Kisima kimoja kilichochimbwa 1953 kilikuwa na valvu ya usalama chini kabisa. 1979 wakaitoa. Hawakurudisha. Kikaendelea kufanya kazi miaka zaidi ya thelathini bila tatizo, na naamini kila mwaka kulikuwa na mtu anasema "unaona? haina shida". Oktoba 2015 bomba lililoliwa na kutu likapasuka, gesi ikavuja mpaka Februari 2016, karibu tani laki moja za methani hewani, familia maelfu zikahamishwa makwao watu wanaumwa vichwa na damu puani. Uchunguzi baadaye ukakuta visima vingine vya hapohapo vilishawahi kuvuja mara kadhaa huko nyuma na hakuna aliyefuatilia chanzo. Ndo nikasema hawa watu wa spea ikae na wale wa 1979 ni ndugu, wametofautiana kiswahili na mshahara tu.

Mmoja pale kijiweni nilipomsimulia akaniambia hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini, sisi tuna visima vichache. Sawa, lakini hebu angalia na Dimock, kijiji cha Pennsylvania. Kampuni ya Cabot ilichimba gesi, mabomba na saruji ya kuzibia kuta za visima havikukaa sawa, gesi ikapenya kwenye maji ya chini. Januari 2009 kisima cha maji cha nyumba ya mtu kikalipuka, kisima cha maji jamani, unachota ndoo! 2010 jimbo likawapiga marufuku kuchimba eneo hilo. Kesi ikaja kuisha 2022, kampuni iliyorithi Cabot ikakubali kulipa dola milioni 16 na ushee kujengea watu bomba la maji safi. Miaka kumi na tatu ya kuhangaikia maji safi kwa sababu ya saruji. Mtu anayepaka saruji kisima haonwi na mtu, iko kilomita chini huko, kama vile mpira wa kwenye buti hauonwi na abiria wangu anayeenda Mikocheni kula birthday. Kazi isiyoonekana ndo kazi inayochakachuliwa, kote duniani.

Nikagoma kulipa 850,000 iliyobaki. Fundi akapandisha sauti, nikapandisha, akina dogo wakajaa, hapo dada wa mapokezi akapiga simu kwa mwenye mali. Mzee wa makamo, kanzu, kofia, kashuka kwenye gari kasalimia mpaka wanaopita njia. "Mwanangu, tatizo nini?" Shikamoo, marahaba. Nikamwonyesha povu, nikamwaga tena mbele yake, kakaja kale kakoo ka chura. Nikamwonyesha namba ya mtungi na risiti. Mzee akanyamaza, akavua miwani akaifuta, akamuuliza fundi swali moja tu, "huu mtungi ulitoka wapi?" Fundi akasema ulikuwa stoo. Mzee akasema "stoo kuna ile ya kurudisha". Sasa mpaka leo sijajua ile ya kurudisha ni ya kurudisha kwa nani.

Ukutani ofisini kulikuwa na cheti kwenye fremu. Ni fotokopi, na muda wake ulishapita mwaka uliotangulia. Nilikiangalia, mzee akaniona nakiangalia, hatukuzungumzia. Kwa asiyejua, huku chini kwenye vituo na matumizi ya gesi mwenye mamlaka ni EWURA, kule juu kwenye utafutaji na uchimbaji ni PURA iliyoanzishwa na Sheria ya Petroli ya 2015, mazingira kote ni NEMC, usalama wa wafanyakazi ni OSHA. Vyombo vipo vya kutosha, tatizo kila mmoja anakaa ofisini kwake na mtaro uko nyuma ya gereji. Mi nilienda kuulizia kabla ya kufunga? Sikwenda. Niliuliza bei.

Mzee nampa haki yake, hakubisha. Akaagiza wakaze maungio, tukapima na sabuni mara tatu povu halikuja tena, wakaleta mpira mpya mrefu, sahani za chini wakafunga mbele yangu, bolti ya nne ikapata kazi. Mtungi hakuwa na mwingine wa uhakika, nikamwambia utoe kabisa, akapunguza laki tano, nikalipa 350,000 nikaondoka na mfumo bila mtungi, gari linatembea na petroli kama kawaida. Mtungi mpya wenye karatasi zake nikaununua gereji nyingine nikafungiwa na kukaguliwa kwa 780,000. Pigeni hesabu wenyewe, gari limenigharimu 2,130,000 badala ya 1,850,000 na siku tano badala ya moja. Spea haikai, naibeba juu ya mkeka nyuma ya siti, na abiria wakiuliza nawaambia.

Kwenye gari lenyewe sina malalamiko, gesi ni nzuri. Linawaka na petroli kwanza, injini ikipata moto linajibadilisha lenyewe unasikia kama limekohoa kidogo. Mlima wa Kimara na abiria wanne linakuwa zito, hilo wasiwadanganye. Buti limeisha, mteja wa airport mwenye masanduku mawili namkatalia. Ila hela ya mafuta imekaribia kukatika nusu, na hiyo siwezi kuificha hata nikiwa na hasira.

Mnaoenda kufunga, nendeni na sabuni. Kweli kabisa, nendeni nayo mfukoni. Bandueni stika. Piga picha namba ya mtungi kabla haujaingia kwenye gari na baada ya kuingia, inama uvunguni uone huo mpira unatokea wapi, fundi akikasirika acha akasirike. Na ukisikia harufu njiani paki, zima, fungua milango yote, watoe abiria, funga valvu ya mtungi kama unaifikia, na Zimamoto ni 114, mi nimeisevu kama "Mjomba".

Nyota nimetoa mbili kati ya tano. Moja ni ya dada wa mapokezi na ile namba aliyoiandika vizuri kwenye risiti. Ya pili ni ya mama lishe ambaye hata si mfanyakazi wa pale. Siku ile nilimpa buku tatu ya chapati zilizoloa na mkaa, akakataa, nikaziacha chini ya sahani. Jana nimepita, kahamia ng'ambo ya barabara chini ya mwarobaini, chapati bado mia tano.